Kuwasemea Wasioweza Kusema

Masomo: Mithali 31:8, Ayubu 38:25–27, Ezekieli 33:1–6



Sura ya mwisho ya kitabu cha Mithali yatuletea mausia ambayo mfalme Lemueli alipewa na mama yake. Mama huyo hakumfundisha mwanawe habari za vita, wala jinsi ya kujaza hazina. Alimwonya ajihadhari na ulevi, kisha akamwagiza autumie ulimi wake kumtetea mtu asiyeweza kujisemea, na wote walioachwa wapotee. Mfalme anayo mengi ya kuamuru, lakini mama yake alitaka watu wamjue kwanza kwa neno hili, ya kuwa huwasemea wengine.

Twajua ya kuwa somo hili lanena kwanza juu ya wanadamu: maskini, yatima, mjane, na mtu aliyenyimwa haki yake barazani. Asiyewajali hao asijisifu kwamba aijali miti na mito. Lakini kitabu kile kile, katika 12:10, chatuambia ya kuwa mwenye haki huuangalia hata uhai wa mnyama wake. Naye Bwana wetu, alipotaka kuwatia moyo wanafunzi wake, aliwaonyesha shomoro wauzwao kwa bei ndogo sokoni, akawaambia ya kuwa Mungu hamsahau hata mmoja wao (Luka 12:6). Kwa hiyo hatukosi tukiuliza leo: Mto nao, na korongo upitamo, na viumbe wadogo wakaao humo, ni nani atakayewasemea siku wakubwa wakifanya shauri juu yao?

Tulijibu swali hili kwa habari mbili za kweli. Ya kwanza ni ya nchi yetu ya Tanzania, ya pili ni ya Marekani. Katika ile ya kwanza sauti ilichelewa. Katika ile ya pili, baada ya hasara kubwa, sauti ilikuja kwa wakati wake.

I. Korongo la Kihansi

Mto Kihansi watoka katika nyanda za juu za Iringa, upande wa Mufindi, nchi ya baridi na ukungu. Ukifika ukingo wa milima ya Udzungwa, nchi yakatika ghafula, na mto waanguka ndani ya korongo, yaani bonde jembamba lenye kuta za mwamba, hata kufika chini kwenye bonde la Kilombero. Toka juu hata chini ni zaidi ya mita 800. Zamani maji yale yalianguka kwa nguvu nyingi, yakipiga miamba na kurusha manyunyu mchana na usiku, masika na kiangazi. Kandokando ya maporomoko, mahali palipopata manyunyu hayo, majani yalikuwa mabichi siku zote. Mahali penyewe ni padogo: ukijumlisha vipande vyake vyote hupati zaidi ya hekta 2 hivi, kama mashamba machache ya mahindi.

Mwaka 1996 wataalamu wa viumbe walimwona huko chura wa rangi ya manjano, mdogo sana, hata aliye mkubwa hafiki sentimita 3. Mmoja wa wale waliomweleza ulimwengu kwa maandishi alikuwa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chura huyu hatagi mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto walio hai. Wala hajaonekana akiishi kwa asili yake mahali pengine po pote duniani, ila katika manyunyu ya Kihansi tu.

Ndugu, hapa tumkumbuke Ayubu. Katika taabu zake alidhani kwamba mambo yote ya Mungu yamzunguka yeye. Bwana alipomjibu katika upepo wa kisulisuli, alimwuliza ni nani aliyeifanyia mvua njia, ipate kunyesha mahali wasipokaa watu, na kuotesha majani katika nyika isiyo na mtu. Maana yake ni nini? Ni kwamba Mungu ana shughuli nyingine nje ya mashamba yetu. Miaka isiyohesabika aliyanyunyizia maji majani ya Kihansi, akamlisha chura yule wa manjano, wala hapakuwa na mwanadamu aliyemshukuru kwa ajili yake. Kazi hiyo aliifanya kwa sababu aliipenda.

Lakini kabla chura huyo hajajulikana, shauri la mto lilikuwa limekwisha kukatwa. Kazi ya kujenga bwawa la umeme ilianza mwaka 1995, kwa fedha za Benki ya Dunia na za nchi za Norwe, Uswidi na Ujerumani. Juu ya maporomoko likasimamishwa boma la mita 25 la kuzuia maji. Mto ukaingizwa katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, ukashuka chini kwa chini kwenda kuzungusha mitambo. Mwaka 2000 kazi ikafunguliwa, nayo mitambo ina uwezo wa megawati 180.

Tuseme kwa haki: faida hiyo haikuwa ndogo. Mwuguzi amsaidiaye mama kujifungua usiku ajua thamani ya taa isiyozimika. Dawa za chanjo zataka ubaridi, na mashine za kusaga zataka nguvu. Waliojenga hawakuwa adui wa Mungu, wala hawakukusudia kumwangamiza kiumbe ambaye walipoanza kazi hawakuwa na habari zake. Kosa lilikuwa hili: siku mto ulipogawanywa, kila mwenye haja ya umeme alikuwa na msemaji wake, lakini korongo halikuwa na msemaji hata mmoja. Hakuna aliyekuwa ametumwa kwanza kwenda kuangalia ni nani akaaye humo.

Basi maji yalipogeuzwa, katika kila sehemu kumi za maji yaliyopita korongoni, sehemu tisa hivi ziliondoka. Ngurumo ya maporomoko ikanyamaza, manyunyu yakakoma, majani yakaanza kukauka. Ndipo watu wakaanza kusema, na wataalamu wakaanza kukimbia huku na huku. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwa ndege mpaka Marekani, wakatunzwe katika bustani za wanyama ili uzao usikatike. Kisha korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji, kuiga kazi ya maporomoko. Na maji kidogo yakaachwa yapite katika njia yake ya zamani.

Kwa muda ilionekana kana kwamba yote yatakuwa mema. Mwezi wa Juni 2003 vyura walikadiriwa kuwa kama 20,000. Lakini miezi michache tu ilipita, nao wakafa kwa wingi, hata mwanzoni mwa mwaka 2004 waliobaki kuonekana walihesabika kwa vidole vya mkono. Ilionekana kwamba wamepatwa na ugonjwa wa kuvu ambao umeua vyura katika nchi nyingi. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, likatangaza ya kuwa chura wa Kihansi ametoweka porini.

Hata wale waliokuwa ugenini walikufa wengi. Wachache waliosalia katika bustani za New York na Toledo walitunzwa kwa subira, kwa maji safi na wadudu wadogo, mwaka baada ya mwaka, hata wakaongezeka tena. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa nchini na kuwekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwezi wa Desemba 2012 kama 2,000 wakapelekwa kwenye korongo la baba zao. Tangu hapo wengine wamefuata, wala kazi ya kuwalinda haijaisha.

Twamshukuru Mungu kwa ajili ya waliojitaabisha hivyo. Lakini tuitazame bei yake. Kazi ambayo mto uliifanya bure, watu waliifanya kwa mabomba, kwa ndege zivukazo bahari, na kwa mikono ya wataalamu wa nchi mbili, nao miaka kumi na miwili ikapita kabla vyura hawajarudi kwao. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Huko Kihansi yamezoleka kidogo tu, tena kwa taabu nyingi. Hii ndiyo gharama ya sauti iliyochelewa.

II. Korongo la mto Columbia

Je, sauti ikija mapema, yaweza kufaa kitu? Ili tujibu, tuvuke bahari kwa mawazo mpaka magharibi ya Marekani. Huko mto mkubwa uitwao Columbia wapita kati ya majimbo ya Oregon na Washington, nao umeipasua milima ya Cascade na kufanya korongo la urefu wa kilomita 130 hivi. Mahali pengine kuta zake zapanda zaidi ya mita 1,000. Kando yake yaanguka maporomoko mengi. Moja lao, liitwalo Multnomah, ni la mita 189.

Huko nako palikuwa na hasara kwanza. Mahali paitwapo Celilo wenyeji wa asili wa nchi ile walivua samaki aina ya samoni kwa maelfu ya miaka. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na kwa saa chache tu maporomoko ya Celilo yakafunikwa na maji. Wenyeji walikuwa wamesema, lakini neno lao halikuzuia kitu. Walilipwa fedha, na mahali pao pa kuvulia pakazama. Ndugu, tusisome habari hii kwa haraka. Mara nyingi aitwaye bubu ana ulimi wake mzima, ila waliokaa barazani wameziba masikio.

Miaka ikapita, na hatari nyingine ikatokea. Daraja jipya lilikuwa likijengwa karibu na mji wa Portland, nalo likafunguliwa mwaka 1982. Watu walitambua ya kuwa kwa njia hiyo majumba na viwanda vitaenea haraka kwenye kingo za korongo. Mama mmoja wa Portland, Nancy Russell, aliyependa sana maua ya mwituni, hakungoja mpaka misingi ya majumba ichimbwe. Mwaka 1980, yeye na wenzake, walianzisha chama cha marafiki wa korongo la Columbia. Hakuwa mbunge, wala hakuwa na cheo serikalini. Alikuwa na kinywa, na miguu ya kutembea, na moyo usiochoka. Aliwachukua wenye mamlaka akawaonyesha mahali penyewe, akaandika, akasafiri, akabisha hodi kwa wakubwa mara kwa mara.

Wengi wa wakaao korongoni walimpinga. Waliogopa ya kuwa watanyang'anywa uhuru wa mashamba yao, na kwamba watoto wao watakosa kazi. Hofu hiyo haikuwa upumbavu, wala sheria iliyotungwa haikuidharau. Tarehe 17 Novemba 1986 Rais Ronald Reagan, ijapokuwa hakuridhika nayo yote, aliitia sahihi sheria ya kulinda korongo, eneo la hekta 118,000 hivi. Sheria hiyo ina makusudi mawili: kuulinda uzuri wa nchi, na kusaidia riziki ya watu wakaao humo. Miji na vijiji 13 viliachiwa nafasi ya kukua.

Nancy Russell na mumewe walitoa pia mali yao wenyewe, wakanunua vipande vingi vya ardhi visijengwe. Alikufa mwaka 2008, lakini chama alichokianzisha chaendelea kukesha, maana sheria isiyo na mlinzi ni karatasi tu. Mama wa Lemueli alimfundisha mwanawe kuwasemea wengine. Mama huyu wa Portland alikwenda kuwasemea yeye mwenyewe.

III. Sisi nasi tufanye nini?

Kwanza, tuseme mapema. Bwana alimfananisha Ezekieli na mlinzi wa mji. Mlinzi akiuona upanga ukija na asipige tarumbeta, damu ya watu yatakiwa mkononi mwake. Angalieni, tarumbeta hupigwa upanga ungali mbali. Akipiga baada ya mji kuteketea, tarumbeta yake ni ya maombolezo. Katika nchi yetu njia ya kusema mapema imefunguliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yaagiza kwamba kazi kubwa kama bwawa ipimwe madhara yake kabla ya kuanzwa, na kwamba watu wapewe nafasi ya kutoa maoni yao. Lakini mkutano wa kijiji ukiitwa, mara nyingi wanaokuja ni wachache, nao hukubali neno wasilolielewa. Enyi walimu na wainjilisti, ninyi mjuao kusoma, msiketi kimya! Someni tangazo, waelezeni wazee maana yake, ulizeni maswali kwa adabu: Maji yatapita wapi? Yatabaki kiasi gani? Ni nani na ni nini kinachoishi huko chini? Kuuliza hivyo si uasi. Ni utumishi.

Pili, tuseme kwa haki. Aitetee korongo kwa kumdharau mgonjwa alalaye gizani, huyo hajamtetea mtu. Na yule asemaye kwamba umeme ndio kila kitu, na chura si kitu, amemwambia Mungu kwamba aliumba vingine bure. Msemaji wa kweli huwaleta wote wawili mbele ya baraza moja, mwenye haja ya taa na mwenye haja ya maji, akatafuta njia ambayo wote wataishi. Mara nyingi njia hiyo yapatikana ikitafutwa kabla ya saruji kumiminwa.

Tatu, tuitazame mikono yetu wenyewe. Katika Ezekieli 34:18 Bwana awakemea kondoo wanywao maji safi, kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao. Maji ya Kihansi hayaanzii bwawani. Yaanza huko juu, katika chemchemi na mabonde madogo yenye mashamba yetu. Twajua ya kuwa vinyungu vimewaokoa wengi na njaa wakati wa kiangazi, wala hatumhukumu mama alimaye apate mboga za watoto. Lakini jembe likiingia hata jichoni mwa chemchemi, na mikaratusi ikipandwa mahali pa majimaji ikanywa usiku na mchana, walio chini watapata nini? Sheria ile ile ya mwaka 2004 yakataza kazi za kuharibu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wazee wa usharika waweza kwenda na kamba na kupima, wakianza na shamba la kanisa. Palipo wazi ipandwe mikuyu na miti mingine ya asili ipendayo kukaa karibu na maji pasipo kuyamaliza. Tukifanya hivyo, siku tutakapofungua kinywa mbele ya wakubwa, hakuna atakayetuuliza kwa nini kijito chetu wenyewe kimekauka.

Nne, tusichoke. Huko Columbia ilikuwa miaka sita toka kuanza kwa chama hata kutiwa sahihi kwa sheria. Huko Kihansi vyura 20,000 walionekana kama ushindi, na mwaka mmoja haukupita walikuwa wametoweka. Anayelinda uumbaji wa Mungu hapewi siku ya kusema, “Kazi imekwisha.” Ni kama mama alezaye mtoto, ni kama mchungaji wa kondoo: leo ameamka, kesho ataamka tena.

Mtu mwingine ataniuliza, “Je, hii ni kazi ya Kanisa? Si afadhali tuhubiri Injili?” Ndugu yangu, kumbuka ulivyofundishwa ulipojiandaa kwa Kipaimara. Katika Katekismo Ndogo, Martin Luther alipoieleza sehemu ya kwanza ya Imani, alimfundisha kila mkristo kukiri kwamba Mungu amemwumba yeye pamoja na viumbe vyote, na kwamba kwa hayo yote inampasa kumshukuru na kumtumikia. Hakutuweka peke yetu mbele ya Muumba. Alituweka katikati ya wenzetu walioumbwa. Tena katika Mwanzo 2:15 twasoma ya kuwa mwanadamu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kutunza. Tumekuwa hodari sana katika ile ya kwanza. Ile ya pili yatungoja.

Na Injili yenyewe ni habari ya Mmoja aliyetusemea sisi, tulipokuwa hatuna neno la kujitetea mbele ya kiti cha hukumu. Aliyesemewa bure hawezi kuketi kimya wengine wakipotea. Atafungua kinywa kwa ajili ya mjane wa jirani. Atakifungua kwa ajili ya mtoto asiye na karo. Na ikimpasa, atakifungua pia kwa ajili ya mto, na korongo, na kiumbe wa manjano asiyefika urefu wa kidole, ambaye Baba yetu amjua.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeifanyia mvua njia yake, na kuwanywesha viumbe tusiowajua: utusamehe kimya chetu. Uwape hekima wenye kuamua habari za maji ya nchi yetu, wala maskini wasisahauliwe, wala kazi ya mikono yako isidharauliwe. Utufundishe kusema mapema, kwa kweli na kwa upendo, na kukesha bila kuchoka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.